Nyaraka za laibrari kwa mtu anayeanza: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila Jumamosi hapa Kisumu, upande wa Kondele, huwa tunakaa watu kama kumi kuzunguka meza mbili, tukirekebisha nyaraka za laibrari za Python, lugha ya kuandikia programu, yaani kurasa zinazoeleza jinsi ya kuzitumia, ili anayeanza azielewe. Tulianza na laibrari yetu wenyewe, ndogo, ya kupanga orodha za michango na namba za simu za wanachama wa vyama. Maswali yafuatayo tunaulizwa na waandishi wa laibrari, na walimu, na wanafunzi wenyewe.

Mnaposema "anayeanza" mnamaanisha nani hasa?

Mtu mwenye laptopu ya kuazima na wiki tatu za Python. Anajua kuandika `print`, anajua kitanzi kidogo (msimbo unaojirudia), lakini hajawahi kusakinisha kitu kwa amri. Anaweza kuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Maseno au Masinde Muliro, karani wa SACCO, au mama anayeweka hesabu za chama na amechoka na daftari. Akili anayo ya kutosha. Anachokosa ni yale mambo ambayo mwandishi wa nyaraka aliyajua zamani mno, hadi akasahau kwamba kuna siku hakuyajua.

Kwa nini mnaandika "laibrari" na si "maktaba"?

Tulijaribu "maktaba" kwa miezi kadhaa. Kwa mtu wa hapa maktaba ni jengo: unaingia kimya, unaazima kitabu, unakirudisha. Tulipoandika "kwanza ilete maktaba kwenye faili yako", kijana mmoja kutoka Ahero alituuliza ni maktaba ya wapi. Lilikuwa swali la haki. "Laibrari" halina picha nyingine kichwani mwa msomaji, kwa hiyo tunaweza kulieleza mara moja na likakaa: ni msimbo, yaani maagizo ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine ili wewe usiuandike upya.

"Kodi" pia tuliliacha, kwani kodi ni ya nyumba au ya serikali. Tunaandika "msimbo". Lililotusumbua zaidi ni "hoja", ambalo vitabu vingine hulitumia kwa ile thamani unayoipa fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina) unapoiita. Wasomaji wetu wakifikiria hoja wanafikiria mjadala bungeni. Sasa tunaandika kwa urefu, "thamani unayoipa fankisheni", na hakuna aliyelalamika kwamba ni ndefu.

Si tatizo ni Kiingereza tu? Mkitafsiri, mambo si yataisha?

Kiingereza ni kizingiti kweli, na mtu asikudanganye vinginevyo. Lakini tumewahi kutafsiri ukurasa mzima kwa Kiswahili safi na bado ukampoteza msomaji. Safari moja Kiswahili chenyewe ndicho kilichompoteza.

Tulikuwa na mfano wa kuwakumbusha wanachama siku ya mkutano. Python hutaka mwaka, mwezi, siku, kisha `hour`. Sisi tukaandika: "`hour` ni saa ya mkutano." Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye, mweka hazina wa chama chao, akafuata maelezo neno kwa neno. Mkutano wao ulikuwa saa nane mchana, akaandika 8. Programu ikapita bila hitilafu hata moja, na ukumbusho ukapangwa saa mbili asubuhi. Akaniita.

"Mwalimu, hii mashine haijui saa?"

"Inajua, mama, lakini inahesabu Kizungu, na sisi hatukukuambia."

Angekuwa anasoma Kiingereza, pengine akili yake ingehamia yenyewe kwenye saa za Kizungu, kama inavyohama tukizungumza na mtu wa mbali. Neno letu "saa" lilimrudisha nyumbani, na nyumbani saa nane ni nane.

Siku hizi sehemu hiyo inasema hivi: "Python huhesabu saa kuanzia saa sita usiku, ambayo ni 0, hadi 23. Kwa saa za mchana, yaani saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, chukua saa ya Kiswahili uongeze 6. Saa nane mchana ni 14." Sentensi tatu. Zilituchukua Jumamosi nzima, na sioni kama tumewahi kuandika kitu chenye manufaa zaidi.

Ukurasa wa kwanza uwe na nini?

Sentensi moja inayosema laibrari inamfanyia mtu kazi gani, na kazi yenyewe iwe ya kuonekana: "inasoma orodha ya michango na kukuambia nani bado hajalipa". Kisha vitu anavyohitaji kuwa navyo kabla hajaanza. Kisha amri moja ya kusakinisha, mfano mfupi kuliko yote unaoweza kufanya kazi, na chini ya mfano, matokeo kamili yatakayotokea kwenye skrini yake. Hayo matokeo waandishi wengi huyaruka, na hapo wanakosea sana. Anayeanza hana njia nyingine ya kujua kama amefaulu.

Historia ya laibrari, ulinganisho wa kasi na orodha ya walioichangia zote zina mahali pake. Zipelekeni kurasa za nyuma.

Kusakinisha ni mstari mmoja. Kuna la kueleza hapo?

Kuna mengi, na wengi huishia hapohapo.

Kwenye Windows 10 na 11, mtu ambaye hajasakinisha Python akiandika `python` kwenye lile dirisha jeusi, anaweza kujikuta amefunguliwa Microsoft Store. Anadhani ameharibu kitu. Kwenye Ubuntu na Debian za tangu 2023, ambazo ni aina za Linux, `pip install`, amri ya kusakinisha laibrari, inaweza kukataa kabisa na kusema `externally-managed-environment`, kwa sababu mfumo unalinda Python yake usiichezee. Dawa ni kutengeneza mazingira pepe, yaani folda yenye Python ya kazi yako peke yake, kwa `python3 -m venv` na kusakinisha humo ndani. Nyaraka nyingi bado zina ule mstari mmoja tu, kama kwamba kila kompyuta duniani ni ya mwandishi.

Andika njia ya Windows na njia ya Linux kando kando. Mwisho weka amri ya kuthibitisha kwamba usakinishaji umekubali, na jibu linalotarajiwa.

Kuhusu alama ya `$` na `>>>` kwenye mifano, si kila mtu anajua maana yake?

Hapana. Nimeona kwa macho yangu. Binti mmoja aliyetoka Bondo alikaa mbele yangu na ukurasa maarufu wenye amri iliyoanza na alama ya dola. Akanyoosha kidole cha shahada juu ya kibodi, akaitafuta ile alama, akabonyeza, akaacha nafasi, akaandika amri yote kwa uangalifu bila kosa la herufi hata moja. Windows ikamjibu kwamba `'$'` haitambuliki. Akafuta. Akaandika tena vilevile, polepole zaidi. Mara ya tatu akaniangalia na kusema, "Samahani mwalimu, naona mimi hii kitu siiwezi."

Alikuwa amefuata ukurasa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Ile dola ni desturi ya wenyeji tu: inaonyesha mahali terminali ya Linux, dirisha la kuandikia amri, inapokungoja uandike. `>>>` nayo ni Python ikingoja vivyo hivyo, na ukiibandika ndani ya faili utapata `SyntaxError`. Sisi tumeziondoa zote mbili kwenye sehemu yoyote ambayo msomaji anatarajiwa kunakili. Pale tunapozihitaji ili kutofautisha alichoandika mtu na kilichojibiwa na mashine, tunasema hivyo kwa maneno kabla ya mfano.

Mifano mizuri ni ipi?

Ile ambayo msomaji angeweza kuikuta kwenye kazi yake wiki hii.

Nyaraka rasmi za Python hupenda kutumia majina `spam` na `eggs`. Guido van Rossum, aliyeitoa Python mwaka 1991, aliipa jina la kundi la vichekesho la Uingereza, Monty Python, na maneno hayo yanatoka kwenye vichekesho vyao. Mwingereza wa umri fulani huenda akatabasamu. Msomaji wetu hutumia nguvu akijiuliza mayai yanafanya nini kwenye programu, nguvu ambayo angeitumia kuelewa kitanzi. `michango`, `gunia_za_mchele` na `nauli` hazimwombi ajue kitu kingine.

Ila kuna tahadhari. Kubadilisha majina peke yake hakutoshi, lazima mfano uendeshwe kwenye mashine kama ya msomaji. Sisi tulichukua mfano wa saa za maeneo uliotumia New York, tukaweka `ZoneInfo("Africa/Nairobi")`, tukaridhika. (Kuna waliotafuta `Africa/Kisumu`. Haipo, Kenya nzima hutumia ile ya Nairobi, masaa matatu mbele ya saa ya dunia (UTC), mwaka mzima bila kubadilika.) Kwenye laptopu zetu za Linux ulifanya kazi. Kwenye Windows ukaanguka na kusema hakuna eneo kama hilo, kwa sababu `zoneinfo`, iliyoingia Python 3.9 mwaka 2020, hutegemea orodha ya maeneo iliyo ndani ya mfumo, na Windows haina orodha hiyo. Unahitaji `pip install tzdata`. Maelezo hayo yapo kwenye nyaraka rasmi, ila hayapo karibu na mfano ambao anayeanza anaunakili. Yetu tumeyaweka mstari mmoja juu ya mfano.

Ujumbe wa hitilafu tuutafsiri?

Ujumbe wenyewe uacheni ulivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu ndio msomaji atakaoubandika akitafuta msaada. Uelezeni kwa Kiswahili chini yake: umetokana na nini, na ufanye nini.

Hitilafu ambayo kwetu inaongoza ni ya namba za simu. Mtu anaandika `namba =` kisha 07 na tarakimu zake nane, bila alama za kunukuu. Python inakataa: namba nzima haiwezi kuanza na sifuri, na kama unataka namba za mfumo wa nane, unaotumia tarakimu 0 hadi 7, weka `0o` mbele. Ushauri huo wa mwisho umetupotezea watu. Mmoja aliutii, akaweka `0o`, na kwa kuwa namba yake ilikuwa na 8 ndani, akapata hitilafu ya pili isiyofanana na ya kwanza. Sasa yuko mbali na njia, na kila hatua aliyopiga ameambiwa na mashine aipige.

Kwa hiyo ukurasa wetu unasema kabla hajafika huko: namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi, basi ni maandishi, iweke ndani ya alama za kunukuu. Ni kanuni hiyohiyo inayomsaidia akikuta jedwali la hesabu limekula sifuri ya mbele.

Haki isemwe pia: Python imejitahidi. Toleo la 3.10 la mwaka 2021 lilianza kutoa ujumbe wa hitilafu unaosomeka vizuri zaidi, na 3.11 la 2022 linaonyesha kwa alama ni sehemu gani ya mstari iliyoleta shida. Anayeanza akiweza kupata toleo jipya, mshauri alitumie.

Nina ukurasa mmoja mrefu wenye kila kitu. Kuna ubaya?

Ubaya ni kwamba wasomaji wanakuja na haja tofauti. Daniele Procida, ambaye amefanya kazi kwenye nyaraka za Django, laibrari ya Python ya kutengeneza tovuti, anazigawa nyaraka katika aina nne, na mgawanyo wake umetusaidia sana: somo la kumshika mtu mkono kuanzia mwanzo, maelekezo ya kufanya kazi fulani, marejeo yanayotaja kila fankisheni, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Laibrari nyingi zina marejeo tu. Hayo ni kama kumpa mgeni orodha ya mitaa yote ya Kisumu kwa alfabeti, wakati yeye aliuliza njia ya kwenda Dunga.

Ukiwa na wakati wa kuandika kitu kimoja tu, andika somo.

Kuna maneno mliyoyapiga marufuku?

Mawili. "Rahisi", na "tu" ile ya "andika tu hivi". Mtu aliyekwama akiambiwa jambo ni rahisi, anajilaumu yeye, hakulaumu wewe. Naamini tumepoteza watu wengi kwa neno hilo kuliko kwa hitilafu zote.

Wasomaji wetu wengi wako kwenye simu na wanahesabu bando. Tufanyeje?

Punguza picha za skrini. Andika maneno ambayo yanaweza kunakiliwa. Video iwe nyongeza, isiwe njia pekee. Fanya mistari ya msimbo iwe mifupi. Desturi ya Python ni herufi 79, lakini kwenye simu hata hamsini ni nyingi, na msomaji anayeburuta skrini kulia na kushoto hupoteza mwanzo wa mstari.

Toa pia nakala ya kupakua. Nyaraka rasmi za Python hupatikana hivyo, na ukitumia programu ya Sphinx kutengeneza zako, inaweza kukupa EPUB, kitabu cha kusomea kwenye simu, kutoka kwa maandishi yaleyale. Laibrari yenyewe inaweza kubebwa kwenye flashi: `pip download` mahali penye intaneti nzuri, kisha kule nyumbani `pip install --no-index --find-links` ukielekeza kwenye folda. Inafaa mashine zifanane mfumo na toleo la Python. Kijana wa Ahero niliyemtaja alisakinisha kila kitu chake kwa njia hiyo, kwa safari moja ya matatu.

Si ataiuliza akili bandia?

Atauliza, na mara nyingi atasaidiwa. Lakini hujibiwa pia fankisheni zisizokuwepo kabisa, kwa lugha ya kujiamini, na anayeanza hana cha kupimia. Ukurasa wako ndicho kipimo.

Nitajuaje kama nyaraka zangu zinaeleweka?

Tafuta mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona laibrari yako. Mpe laptopu, mfungulie ukurasa wa kwanza, mwombe aseme kwa sauti anachofikiria. Kisha kaa nyuma yake na unyamaze.

Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Dakika ya pili utaona amepitwa na mstari muhimu, na mkono wako utataka kwenda kuuonyesha. Ukiuonyesha, umejua kwamba wewe ni mwalimu mwema, na hujajua lolote kuhusu ukurasa. Andika kwenye karatasi: alisimama wapi, alirudi juu mara ngapi, alinakili nini ambacho hakikuwa cha kunakiliwa, ni neno gani alilitamka kama swali. Mwambie mapema kwamba anayefanyiwa mtihani ni ukurasa, na umwambie tena akianza kuomba radhi. Ataomba. Wote huomba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: yale ya dola, ya saa nane na ya `tzdata` yote tuliyajua kwa njia hii. Hakuna hata moja tuliloligundua tukisoma wenyewe, na tulikuwa tumesoma kurasa hizo mara nyingi. Watu watatu wanatosha kuanza. Rekebisha, kisha tafuta wengine watatu, kwa maana wa kwanza sasa si wageni tena.

Mifano ikizeeka?

Iendeshe na mashine kila unapobadilisha laibrari. Python ina `doctest` tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001: husoma mifano iliyo kwenye maandishi, huiendesha, na kulalamika jibu lisipolingana na ulichoandika. Inahitaji zile `>>>`, kwa hiyo sisi tunaziweka kwenye marejeo, na masomo tunayaacha bila.

Mimi bado ni mwanafunzi. Naweza kusaidia?

Wewe kuliko sisi. Unaona mashimo ambayo sisi tumeshayazoea tukawa tunayaruka bila kujua. Lakini una miezi michache tu kabla hujayazoea nawe, kwa hiyo andika leo: kila unapokwama, weka tarehe, ukurasa, sentensi iliyokukwamisha, na kile ulichodhani inamaanisha. Hicho cha mwisho kina thamani kubwa. Kutuambia "sikuelewa" kunatusaidia kidogo. Kutuambia "nilidhani saa nane ni 8" kulirekebisha ukurasa mzima. Huna haja ya kupendekeza dawa.

Nikija Jumamosi nilete nini?

Ukurasa mmoja uliokushinda, na chaja yako. Kama huna laptopu, njoo hivyohivyo. Tunazo mbili za Windows, na kwa kweli tunakuhitaji ukae mbele ya moja wakati sisi tumekaa nyuma yako tukiandika.